Mtihani Usiomfelisha Mtu

Barua ya wazi kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kwa watafiti wa mimea dawa nchini

Iwawa, Makete,
Mkoa wa Njombe.

Waheshimiwa wajumbe wa Baraza,
Ndugu watafiti,

YAH: NENO "ANTIOKSIDANTI" KWENYE CHUPA ZA DAWA ZA ASILI

Nawaandikia kutoka Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, ambako msimu wa baridi sakitu huamka kabla yetu na kukuta viazi shambani. Nilifundisha kemia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa nimestaafu, nalima viazi na matufaa. Mimi si mganga wala si daktari, ila mama aliyenizaa aliyajua majani kuliko mimi nilivyolijua jedwali la elementi, na watoto wengi wa kijijini kwetu walipita mikononi mwake wakiwa na homa. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayekuja kukejeli mizizi. Ninaiheshimu, na ndiyo maana nina neno nayo.

Kilichonishikisha kalamu ni safari ya basi. Nilikuwa Makambako, narudi nyumbani. Kabla basi halijatoka stendi akapanda kijana nadhifu, begi begani, chupa mkononi. Mnawajua vijana hawa: huanza kwa "Bwana asifiwe" na kumalizia kwa bei. Kilichokuwa ndani ya chupa kilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Alisema kinatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume na "lile gonjwa letu la Njombe". Kisha akatoa karatasi iliyotiwa plastiki. "Wapendwa, hii si ya kubahatisha. Imepimwa maabara. Ina antioksidanti kuliko vitamini C!"

Nikaomba kuiona. Ilikuwa nakala ya jedwali la kweli kabisa: jina la mmea, majani yaliyolowekwa kwenye methanoli, kipimo cha DPPH, safu ya asilimia, na mstari wa chini wa vitamini C kwa kulinganisha. Sikuona uongo ndani yake. Nyuma yangu mama mmoja alinunua chupa mbili, akauliza kwa sauti ya chini, "Na vidonge vyangu je, nitumie pamoja?" Kijana akamjibu bila kusita, "Vipumzishe kwanza mwezi mmoja, mama, uipe dawa nafasi."

Waheshimiwa, kati ya jedwali lile la kweli na jibu lile la hatari kuna daraja. Nataka tulitazame daraja hilo pamoja, kwa sababu halikujengwa na kijana wa stendi peke yake.

Niwaeleze kwanza wasomaji wengine, maana barua ya wazi husomwa na wengi. Menya kiazi ukiache mezani: kitabadilika rangi, hudhurungi kwanza, kisha cheusi. Liache jembe kwenye umande: litashika kutu. Mafuta ya alizeti yakikaa sana juani huchacha. Mambo haya matatu yana ukoo mmoja, uitwao uoksidishaji. Ndani ya mwili nako hutokea molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ziitwazo radikali huru. Radikali huru ni kama mtu aliyefiwa na subira: humnyang'anya jirani elektroni, naye jirani akamnyang'anye wa pili. Antioksidanti ni kitu kinachotoa elektroni kwa hiari na kuumaliza ugomvi.

Kipimo cha DPPH kimejengwa juu ya wazo hilo. Marsden Blois alikieleza katika jarida la Nature mwaka 1958. DPPH ni unga mweusi wenye kuelekea zambarau, nao wenyewe ni radikali tulivu isiyoharibika haraka. Ukiuyeyusha kwenye methanoli unapata maji ya zambarau iliyokolea. Unatia dondoo la mmea wako, unaweka gizani kama nusu saa, kisha unapima kwa spektrofotomita, kwenye mwanga wa nanomita 517, rangi imefifia kiasi gani. Kama zambarau imegeuka njano, mmea wako umetoa elektroni. Umefaulu.

Ni kipimo kizuri cha kufundishia. Shuleni kwetu hatukuwa na DPPH wala spektrofotomita, kwa hiyo nilitumia pamanganeti ya potasiamu, ile ambayo akina mama walikuwa wakioshea mboga zamani. Nilitia asidi kidogo, nikadondosha chai kavu iliyochemshwa, chai hii hii inayolimwa Luponde na Lupembe, na zambarau ikatoweka mbele ya macho ya watoto. Walishangilia. Siku iliyofuata wakaja na kila walichookota njiani: majani ya mpera, maganda ya ndizi, gome la msonobari, majani ya viazi, nyasi. Karibu vyote vilifuta rangi. Mwanafunzi mmoja, sasa ni mtu mzima mwenye watoto, aliuliza swali ambalo sijalisahau: "Mwalimu, kuna jani linaloshindwa?"

Hapo ndipo penye fundo. Pamanganeti na DPPH si kitu kimoja, lakini swali la yule mtoto linavihusu vyote viwili. Mimea yote ya kijani huishi juani siku nzima, na jua huzalisha radikali huru ndani ya jani. Mmea usio na kinga hauishi. Kwa hiyo jani lolote utakaloliokota, liwe dawa, mboga, gugu au sumu, limejaa fenoli na ndugu zake, na fenoli hufuta zambarau. Enzi zetu walimu, mtihani ambao darasa zima limepata alama A tuliuita zawadi. Ulifurahisha wazazi, lakini haukumwambia mtu yeyote nani anajua na nani hajui. Kipimo cha antioksidanti, kikitumika kama ushahidi kwamba mmea ni dawa, ni mtihani wa namna hiyo. Chai niliyokunywa asubuhi ingeufaulu vizuri sana, na sijasikia mtu aliyeacha vidonge vyake kwa ajili ya chai ya rangi.

Tena kuna mzaha wa maumbile hapa, na wakulima wa viazi watauelewa. Kinachokifanya kiazi kilichomenywa kiwe cheusi ni fenoli zake zenyewe, zinapokutana na hewa na kimeng'enya kilichomo ndani yake. Kitu kile kile tunachokisifu kama kinga ya kutu ndicho kinachoshika kutu mbele yetu. Kemia haina mashujaa wa kudumu. Kila kitu hutegemea kipo wapi, na nani, na kwa kiasi gani.

Mwili nao si chupa. Unapokunywa dondoo la majani, fenoli nyingi hazivuki utumbo. Zinazovuka hukutana na ini, ambalo huzibadilisha na kuzitoa haraka, na kinachobaki damuni ni kidogo sana ukilinganisha na kile kilichotiwa kwenye chupa ya maabara. Mwaka 2004 watafiti wa Oregon, Marekani, waliwapa watu matufaa wale, kisha wakapima damu zao. Uwezo wa damu kuzuia uoksidishaji ulipanda kweli. Walipochunguza zaidi wakakuta sababu kubwa si fenoli za tufaa. Ni sukari ya tunda, iliyoufanya mwili uongeze asidi ya yuriki, ambayo ni antioksidanti pia na hiyo hiyo ndiyo huwatesa wenye gauti. Mimi nalima matufaa, ningependa sana kuyaandikia lebo ya kishujaa. Siwezi.

Na tusidhani radikali huru ni maadui watupu. Chembe nyeupe za damu huzitengeneza kwa makusudi ili kuua vijidudu. Mwili unazihitaji kwa kipimo chake.

Wapo waliolipia somo hili kwa gharama kubwa. Nchini Finland, wanaume 29,133 wavutaji sigara waliingizwa kwenye jaribio la vidonge vya vitamini E na beta-karotini, ile antioksidanti inayoifanya karoti iwe na rangi yake. Matumaini yalikuwa kuwakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Huko Marekani jaribio lingine la namna hiyo lilisimamishwa mapema, Januari 1996, kwa sababu hiyo hiyo: ongezeko la asilimia 28. Kwenye chupa beta-karotini ni antioksidanti safi. Ndani ya mapafu ya mvutaji iligeuka kitu kingine. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani ikaiondoa hadharani orodha yake ya vyakula vilivyopangwa kwa alama za antioksidanti, ikieleza kwamba kampuni za vyakula na virutubisho zilikuwa zikiitumia vibaya. Wao walishafika stendi yao ya Makambako. Sisi ndiyo kwanza tunapanda basi.

Sasa nirudi nyumbani, maana hapa ndipo barua yangu inapotoka moyoni.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Sisi wa Makete hatuhitaji asilimia ili tujue. Tuliwazika wenzetu miaka ya tisini na ya elfu mbili mwanzoni, tukalea yatima wao, na shuleni nilijifunza kutouliza mtoto "baba yako yuko wapi" kabla sijauliza kwa majirani. Kilichosimamisha misafara ile ya makaburini ni dawa za ARV. Leo watu wanapanga foleni kwenye kliniki ya CTC, wanachukua dawa zao, wanarudi kulima. Na wengi wao, jioni, wanachemsha pia majani aliyowafundisha bibi.

Hao wana swali. Nimelisikia sokoni, kanisani na kwenye vilabu vya ulanzi, kwa maneno tofauti lakini ni lile lile: "Hii nikiinywa, itagombana na vidonge vyangu?" Hawaulizi kama jani linafuta zambarau. Hawajawahi kuuliza hivyo hata siku moja.

Na swali lao si la kijinga. Upo mmea wa Ulaya uitwao kitaalamu Hypericum perforatum, wenye maua ya njano, ambao watu huunywa kwa huzuni na msongo. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa watu wanane wenye afya njema mmea huo pamoja na indinaviri, mojawapo ya ARV za wakati ule. Kiasi cha dawa damuni kikashuka kwa asilimia 57. Mmea uliliamsha ini liifukuze dawa kabla haijafanya kazi yake. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba virutubisho vya kitunguu saumu viliishusha sakwinaviri, ARV nyingine, kwa karibu nusu. Dawa hizo mbili hazitumiki tena hapa kwetu, lakini onyo dhidi ya Hypericum perforatum lipo pia kwa dolutegraviri, iliyo ndani ya kidonge cha TLD wanachokimeza watu wetu leo. Hata dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zinatakiwa kutenganishwa na dolutegraviri kwa saa kadhaa.

Sasa fikirini: mmea ule wa Ulaya, ukipimwa kwa DPPH, hufaulu kwa alama za juu. Mtu angeweza kuubandika lebo ya "tajiri wa antioksidanti" bila kusema uongo, na lebo hiyo ingekuwa imemficha mgonjwa jambo moja pekee alilohitaji kulijua. Na ndugu wa mmea huo, Hypericum revolutum, anaota kwenye milima yetu hii ya Kitulo na Livingstone, na maua yake ya njano huonekana kando ya misitu. Sisemi kwamba naye ana tabia za binamu yake. Ndugu wa tumbo moja hutofautiana, sembuse mimea. Nasema swali hili linastahili kuulizwa kabla ya swali la zambarau.

Afrika Kusini walionja uchungu wa kuchanganya mambo haya. Viongozi walisifu kitunguu saumu, ndimu na viazi sukari vyekundu dhidi ya UKIMWI, huku ARV zikicheleweshwa. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba maisha zaidi ya 330,000 yalipotea kati ya mwaka 2000 na 2005 kwa ucheleweshaji ule. Nasi tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 2011 nchi ilifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Foleni ilitangulia utafiti.

Mtaniuliza: mwalimu, basi unataka tuache kupima mimea? Hasha. Nataka mpime zaidi, ila mpime kinachoulizwa.

Mfano mzuri upo. Bibi Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, hakuanza kwa kuuliza kama pakanga ya Kichina inafuta rangi. Aliuliza kama inaua malaria. Madondoo ya wenzake na ya kwake yalikuwa yakifanya kazi leo na kushindwa kesho. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akaona kwamba mmea ule ulilowekwa kwenye maji na kukamuliwa. Haukuchemshwa. Akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Oktoba 1971, dondoo lake namba 191 likawamaliza vimelea wote kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakalinywa wenyewe kwanza ili kujua kama ni salama. Mambo mawili yalimfikisha: alipima dhidi ya ugonjwa wenyewe, na alimsikiliza mzee alivyoiandaa dawa.

Sisi hapa hufanya kinyume mara nyingi. Mama yangu alichemsha mizizi kwenye chungu kwa maji ya mtoni, akapooza, akampa mtoto kijiko cha mbao asubuhi na jioni kwa siku tatu. Maabara inachukua majani badala ya mizizi, inayakausha, inayasaga, inayaloweka kwenye methanoli, pombe ambayo kikombe chake kimoja humpofusha mtu, kisha inatoa matokeo kwa jina la mmea wa mama. Dawa iliyopimwa na dawa iliyonywewa hazijawahi kukutana.

Mkulima yeyote wa pareto hapa nyanda za juu angewaambia jambo hilo hilo kwa njia fupi. Maua ya pareto yakifika kwa mnunuzi hupimwa kiwango cha pairethrini, kile kinachoua wadudu, na bei hufuata hapo. Hakuna anayenunua pareto kwa uwezo wake wa kufifisha zambarau, ingawa naamini ingeufaulu mtihani huo pia. Kwa nini ua la kuua kunguni lipimwe kwa kazi yake, halafu dawa ya binadamu ipimwe kwa kitu kingine?

Najua jibu, ndugu watafiti, na sitawalaumu kwa ukali. DPPH ni rahisi. Haihitaji panya, wala kamati ya maadili, wala miaka mitatu. Mwanafunzi wa shahada anaimaliza kwa wiki chache na kuandika tasnifu. Kama ungo wa kwanza ina nafasi yake: inaweza kumwonyesha mkemia ni sehemu gani ya dondoo aichunguze zaidi, au kumsaidia mtengeneza mafuta kuzuia yasichache. Tatizo linaanza pale ungo unapouzwa kama unga, pale sentensi ya mwisho ya tasnifu inaposema matokeo haya "yanathibitisha matumizi ya jadi ya mmea huu". Hayathibitishi. Sentensi hiyo ndiyo iliyofungua njia, na kijana wa stendi alipita tu.

Nchi hii haijakosa watu wa kufanya zaidi. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili ilianza kama kitengo mwaka 1974. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake cha tiba asili Mabibo. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara. Na Baraza lenu lilizaliwa na Sheria Namba 23 ya mwaka 2002, ili mganga wa kweli alindwe na tapeli azuiwe. Kwa hiyo naomba mambo matano.

Kwanza, Baraza litoe mwongozo kwamba maneno "antioksidanti" na "imepimwa maabara" hayataandikwa kwenye lebo wala kutangazwa redioni au kwenye basi bila kueleza kilichopimwa ni nini, kwa njia gani, kwa ugonjwa gani, na kwamba kipimo cha chupa si ushahidi wa tiba.

Pili, mmea unaotumiwa na watu upimwe kama watu wanavyoutumia: sehemu ile ile, maji yale yale, kiasi kile kile. Methanoli ibaki kuwa nyongeza.

Tatu, kwa mikoa kama wetu, utafiti uanze na swali la mgonjwa: mmea huu unafanya nini kwa ini na figo, na unafanya nini ukikutana na TLD, dawa za kifua kikuu, za sukari na za presha? Waratibu wa tiba asili wa wilaya na wauguzi wa CTC wanaweza kuandaa orodha ya mimea kumi inayotumika zaidi. Muuguzi akiuliza bila kukaripia, wagonjwa watasema. Wakikaripiwa, wataendelea kunywa kimya kimya.

Nne, matokeo yarudi. Kijijini kwetu wamefika wageni wenye makoti meupe na mifuko ya karatasi, wakaketi na wazee, wakaandika, wakakata matawi, wakashukuru, wakaondoka. Mzee mmoja aliyewaonyesha mti alifariki akiwa bado anasubiri kusikia mti wake ulisemaje. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka wenye maarifa waridhie na wagawane faida. Sisi tunaanza na faida ndogo kuliko zote: mkutano wa kijiji, Kiswahili, saa moja, na ukweli wote, hata kama ukweli ni kwamba mmea haufanyi kitu.

Tano, atakayeusifu mmea aseme pia utapandwa wapi. Gome la Prunus africana, lililoanza kuuzwa Ulaya kwa ajili ya tezi dume, lilivunwa barani mpaka biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa CITES mwaka 1995. Na hapa mlimani, Kitulo, tunayoiita Bustani ya Mungu na iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, viazi vya okidi vilichimbwa kwa mamilioni kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Tunajua jinsi sifa inavyoweza kuumaliza mlima.

Waheshimiwa, nimalizie na yule mama wa kwenye basi. Tulipopumzika Njombe nilimfuata, nikamwomba radhi kwa kusikiliza yasiyonihusu, nikamwambia mimi ni mwalimu wa kemia. Nikamsihi asipumzishe vidonge vyake hata siku moja, na hiyo chupa aipeleke kliniki akaionyeshe. Akanitazama kwa muda. Akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo ile karatasi ni ya uongo?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Karatasi ni ya kweli. Ila imejibu swali la mtu mwingine."

Akatikisa kichwa, akaifunga chupa ndani ya kanga, akauliza tena: "Na la kwangu nani atalijibu? Nikinywa hii na vidonge, itanidhuru au haitanidhuru?"

Kwa miaka thelathini sikupenda kumwambia mwanafunzi sijui. Siku ile nilisema. Dereva akapiga honi, tukapanda. Ninyi mna maabara, na mna mamlaka. Swali lake nimelibeba mpaka hapa, nalikabidhi kwenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Iwawa, Makete.